Kigae Kwenye Kigoda cha Baba

Katindiuka, Ifakara
14 Septemba 1997

Kaka Leo,

Salamu za huku ni nyingi kuliko karatasi niliyo nayo, kwa hiyo nakupunguzia. Sisi ni wazima. Mwanangu Teddy ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akisema jina langu anapiga mluzi bila kukusudia. Mume wangu bado yuko kambini Chita, anakuja mwisho wa mwezi kama treni ikitaka na yeye akikumbuka. Shuleni nimepewa darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati. Mpunga ulikuwa wa wastani. Ndege walikula sehemu yao, tukala iliyobaki. Mama anakuitikia marahaba hata kabla hujamwamkia, anasema shikamoo yako lazima iko njiani.

Sasa niseme kilichonikalisha hapa. Baba amefariki tangu Machi. Telegramu ilikufikia akiwa ameshazikwa, na kwa hilo hakuna anayekulaumu. Lakini matanga hayajaisha, Leo. Ulipelekwa seminari ukiwa bado unavaa kaptula, kwa hiyo labda haya huyajui vizuri. Katika ukoo wetu matanga hayafungwi mpaka mtoto wa kwanza akae kwenye kigoda cha baba yake, apokee jembe lake na kunyunyiziwa maji ya unga. Siku hiyo ndipo mjane anavuliwa kaniki. Mpaka hapo analala chini kwenye mkeka, hapandi kitandani, hashiki jembe wala hakanyagi shamba la mpunga. Mama yetu huyu, ambaye akiwa na mimba yangu alikuwa bondeni mpaka jua linazama, sasa anashinda uani anafinyanga vyungu visivyo na mnunuzi, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure.

Paroko alikuja akatuambia Mungu hahitaji kigoda. Baba mdogo Polikarpo, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, alimjibu kwa heshima zote kwamba ni kweli Mungu hahitaji, ila marehemu anahitaji. Wakanywa chai, wakaagana vizuri. Kwa hiyo hapo usitegemee msaada wa Kanisa.

Baba mdogo amesema tutakusubiri mpaka Novemba, kabla mvua hazijashika. Wiki mbili zinatosha. Ukae siku moja kwenye kigoda, siku nyingine zote ule kambale na kulala. Mama hajaniagiza nikuandikie. Ananiuliza tu kila Jumapili kama posta imefunguliwa, na Jumapili haifunguliwi.

Usinijibu kwa kadi yenye picha ya mlima.

Mdogo wako,
Stefania


Lausanne, Uswisi
20 Oktoba 1997

Mdogo wangu Stefania,

Nimeipata barua yako. Ilikaa mezani kwangu siku kadhaa kabla sijaifungua, kwa sababu niliujua mwandiko na nikajua imebeba nini. Nipigie magoti mbele ya mama umpe shikamoo yangu. Mwambie nakula, navaa koti zito, na ziwa la hapa halina mamba. Mwambie Teddy mjomba wake naye ana pengo, ila lake haliwezi kuota tena.

Stefania, Novemba siwezi. Najua hilo silo ulilotaka kusoma. Nikueleze kazi yangu ilivyo, maana nadhani sijawahi kukueleza vizuri, nilikuwa naona nitajisifu. Kwa miaka saba natengeneza vigae. Sio vya kuezekea. Ni vipande vidogo, vyembamba, vya unga wa madini ya risasi na mengine mawili, ninavyovichoma kwenye tanuru kali. Kigae cha namna hii kikibanwa au kutikiswa kinatoa umeme, kidogo sana, lakini umeme kweli. Sasa tunavibandika chini ya daraja la reli. Treni ikipita, daraja linatikisika, kigae kinapata nguvu kutokana na mtikisiko huohuo, na kwa nguvu hiyo kinatuma habari kwamba chuma kimechoka au hakijachoka. Hakuna betri ya kubadilisha wala waya wa kuvuta. Wengine walishajaribu, vigae vyao vikapasuka kwa baridi. Vyangu bado havijapasuka. Majaribio makubwa yanaanza mwezi ujao mpaka baridi iishe, na profesa wangu hawezi kuniruhusu niondoke katikati. Nikiondoka, kuna watu wawili humu maabarani wanaokitazama kiti changu kila asubuhi.

Nimekaa nikafikiri mama atakaaje mpaka hapo, na nimepata wazo. Mtawa mmoja tunayefahamiana huku, Sista Brigita, anarudi Dar wiki ijayo, nimempa kifurushi kidogo awaletee. Ndani kuna kigae kimoja, nimekifunga kwenye kibao pamoja na taa nyekundu isiyozidi punje ya mtama. Ukikibonyeza kwa kidole, taa inawaka mara moja. Unga wake nimeukanda mwenyewe, nimekichoma mwenyewe na kukisugua mwenyewe. Kikitoka tanuruni huwa ni kigae tu, hakijui lolote. Inabidi kitiwe kwenye mafuta ya moto na kupigwa umeme mkali, ndipo chembe zake zote zinageukia upande mmoja, na tangu hapo kinakumbuka. Hiki nilikiamsha usiku wa siku niliyopata telegramu ya baba, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Basi, kama kigoda kinamtaka mtoto wa kwanza, hiki kimetoka mikononi mwa mtoto wa kwanza. Nawaomba wazee wakikalishe kwa niaba yangu, mama avuliwe nyeusi, alale kitandani kwake. Mimi nitakuja baadaye kwa utulivu. Nadhani baba mwenyewe angecheka na kukubali.

Kaka yako anayekukumbuka,
Leodegar


Katindiuka, Ifakara
30 Novemba 1997

Kaka Leo,

Hatujambo. Mvua zimeanza mapema na kwa kishindo, mto Lumemo umeshabadilika rangi. Sista Brigita alifika mpaka nyumbani, akala wali na perege, akatuonyesha kwa mikono jinsi ulivyonenepa. Mama alifurahi kuliko nilivyomwona tangu msiba.

Kigae tumekipata. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa. Swali lake la kwanza ni kwamba umekichoma kwa kuni gani, maana kimeiva sawasawa mpaka ndani na yeye vyungu vyake huwa vinabaki na kiini cheusi. La pili ni nani anakukatia kuni. Nilimwambia huko tanuru linawaka kwa umeme. Akasema ndiyo maana kigae kimeshiba umeme.

Kila jioni baada ya rozari anakitoa kwenye kibweta, anakibonyeza, taa inawaka. Anasema, "Ameitikia." Anakibonyeza tena, anasema, "Mzima." Halafu anakirudisha na kulala. Sijui nimwambie nini, Leo. Niandikie nimwambie nini.

Kuhusu ombi lako. Nililipeleka kwa baba mdogo mbele ya wazee, nikasoma barua yako kama ilivyo. Nikaweka kigae kwenye kigoda cha baba ili waone. Shangazi Katarina akaanza kulia kwa sauti, wakamnyamazisha haraka na kumtoa nje. Baba mdogo alisimama, akakichukua kigae kwenye kigoda, akanirudishia mkononi na kusema kikao kimekwisha. Mama alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia yote. Baadaye aliniambia, "Mimi kaniki hainiumi. Mwambie amalize kazi yake." Hakusema zaidi, na mimi sitasema zaidi. Njoo tu. Kama si Novemba basi Krismasi, kama si Krismasi basi ukiweza.

Mume wangu alikuja, akaondoka. Kibatari kimeishiwa mafuta, naandika mistari hii ya mwisho bila kuiona.

Stefania


Lausanne
5 Januari 1998

Mdogo wangu Stefania,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mama, kwa Teddy na kwa shemeji huko Chita. Krismasi niliipitisha chini ya daraja, na hilo silisemi kwa mfano. Ilikuwa zamu yangu kusoma vipimo. Theluji ilikuwa inaanguka na kila treni iliyopita vigae vyangu viliongea. Hata kimoja hakijapasuka. Nilikuwa peke yangu, nikapiga makofi. Halafu nikajisikia vibaya kwamba napiga makofi mwaka aliokufa baba.

Barua yako imenikasirisha kidogo, nisamehe. Wazee wanataka nini hasa? Mama mwenyewe amesema kaniki haimuumi, lakini mimi inaniuma. Nimetuma kitu nilichokitengeneza kwa mikono, sijatuma picha wala pesa. Shangazi Katarina alilia, nadhani kwa kuguswa, na hiyo ingewatosha kujua kwamba kina maana. Nakuomba umwendee baba mdogo tena, umsomee tena. Nikiwa mtoto wa kwanza sina haki hata ya kuomba jambo moja?

Umeuliza umwambie mama nini. Nikwambie ukweli kwanza, halafu tuamue. Ndani ya kile kibao hamna betri. Taa haiwaki kwa nguvu yangu wala ya Uswisi. Inawaka kwa nguvu ya kidole chake mwenyewe. Kigae kinaipokea na kumrudishia. Asipobonyeza, hakuna kitu. Kwa hiyo anaposema nimeitikia, ni yeye anayejiitikia. Nimeandika sentensi hiyo nikasimama, nikazunguka chumba. Tafadhali usimwambie.

Mwezi wa nne nitasimama mbele ya watu kutoka nchi nyingi kueleza matokeo. Baada ya hapo nitakuwa huru. Profesa ameniahidi.

Mnitunzie mama.

Leodegar


Katindiuka
22 Februari 1998

Kaka,

Naandika kwa haraka, kuna mtu anaelekea stesheni na treni yenyewe siku hizi inakuja inapotaka. Barabara ya Kidatu imekatika karibu na Mkula. Ni mvua hizi wanazoziita El Nino. Lumemo imetoka kwenye kingo, watu wa bondeni wamehamia shuleni, kwa hiyo darasa langu la tatu sasa lina kuku na magunia. Sisi tuko salama, nyumba haijaanguka. Barua yako ya Januari imenifikia juzi ikiwa imelowa, nimeisoma kwa kuikausha jikoni.

Sijamwendea baba mdogo tena. Usinilazimishe.

Mama anakohoa. Sakafu inatoa maji, mkeka unalowa kutoka chini. Kitandani hataki kupanda. Nimemwekea matofali na mbao, nikatandika mkeka juu. Baba mdogo alikuja, akainama, akapima mbao kwa kiganja, akaniuliza nakusudia kuziinua mpaka wapi, maana zikizidi hapo ni kitanda. Nilitaka kumtupia tofali. Lakini alipokuwa anatoka nilimwona anajifuta macho, na yule ni ndugu wa baba, na yeye hakuitunga desturi hii.

Jambo jingine. Nadhani kifaa chako kimeanza kuharibika, labda ni unyevu. Mama akibonyeza, taa inawaka kidogo sana, mara nyingine haiwaki kabisa. Anasema Leo amechoka na kazi, tumwache apumzike. Teddy akibonyeza inawaka vizuri kama zamani. Nami nikibonyeza inawaka. Sijui ni nini. Kama kuna namna ya kukitengeneza niandikie.

Mtu wa stesheni ananiita.

S.


Lausanne
30 Machi 1998

Stefania mdogo wangu,

Barua yako ya Februari imefika leo. Nitaanza na shikamoo kwa mama, usiruke hapo, msomee.

Nilikaa chini nikaandika ukurasa mzima kukueleza usikiweke kigae karibu na jiko, kwamba moto ukizidi kinasahau na nguvu yake inapotea. Nikaeleza na unyevu, na jinsi ya kukausha waya. Ni ukurasa mzuri, wanafunzi wangu wangefaidika nao. Halafu nikasoma tena mstari wako kwamba Teddy akibonyeza inawaka vizuri, nikauchana.

Kigae ni kizima. Wewe unajua ni kizima, ndiyo maana uliandika "sijui ni nini" na hukuandika zaidi. Kazi yangu yote hii ya miaka saba ni ya kutengeneza kitu kinachosema jinsi kinachokibonyeza kilivyo. Nilimtumia mama zawadi ili nisije, na zawadi inaniambia vidole vyake vimeisha nguvu. Hakuna mtu aliyewahi kusoma kipimo changu kwa uhakika kama mimi nilivyokisoma leo asubuhi.

Sasa nikwambie jingine, kwa sababu siwezi kuendelea kuandika juu yake kana kwamba halipo. Profesa hakunikatalia ruhusa. Sikumwomba. Oktoba aliposikia nimefiwa, aliniuliza mwenyewe kama nataka kwenda, nikasema mambo ya nyumbani yameshakwisha. Niliogopa kiti changu cha maabara. Niliogopa zaidi kile cha baba. Nikikaa pale watasema mimi ndiye baba sasa, mtakuja kwangu na mashamba na ugomvi wa mipaka na ada za shule, nami kitu pekee ninachokijua vizuri duniani ni kigae. Basi nikaona nitume kigae. Nina aibu, Stefania. Naiandika aibu hii kwa kalamu ili nisiweze kuifuta.

Nimekata tiketi. Tarehe 28 Aprili nawasilisha matokeo, siwezi kulikwepa hilo, jina langu limeshachapwa na vigae ni vyangu. Ni wiki chache tu. Tarehe 16 Mei nitafika Dar, nitalala kwa masista anakokaa Sista Brigita, halafu nitapanda treni ya kwanza kuja Ifakara. Mwambie mama nakuja kukaa kwenye kigoda mimi mwenyewe kwa makalio yangu. Waambie wazee wasikikalishe kile kigae tena, sikitaki pale. Nisubirini.

Mpandishe kitandani kwa nguvu. Mwambie mimi ndiye nimeamuru, kama mtoto wa kwanza.

Leodegar


Katindiuka
6 Mei 1998

Kaka Leo,

Barua hii nampa mtu anayekwenda Dar kwa treni, amkabidhi Sista Brigita mkononi. Nimemwomba Sista akupe kabla hujaweka mzigo chini, na usipande treni kabla hujaimaliza.

Teddy hajambo, meno yameota, makubwa kama ya sungura. Maji yamepungua. Shemeji yako ameletwa na dhamiri, yuko hapa tangu Pasaka. Salamu zimekwisha.

Barua yako ya Machi ilinifikia tarehe 2 Mei. Ilikuwa imelala upande wa pili wa maji wiki mbili nzima pamoja na magunia ya barua za wilaya nzima. Tarehe 18 Aprili tulikuwa tumeshakikalisha kigae.

Nikueleze ambalo nilikataa kukueleza Novemba. Katika ukoo wetu kitu hukalishwa kwenye kigoda kwa ajili ya mtoto wa aina moja tu, aliyefia ugenini na mwili wake haukurudi. Ndugu yake babu aliyekwenda vita vya Wazungu akapotelea huko, walikalisha kofia yake. Kitu kikikaa, mama anapiga yowe la kwanza, watu wanampokea, huyo mtoto anahesabiwa na marehemu na haulizwi tena. Ndiyo maana shangazi Katarina alilia alipokiona. Hakuguswa, Leo. Alidhani barua niliyokuwa naisoma ni ya kusema umekufa, na kwamba mimi ndiye nimeshindwa kuitamka vizuri. Wewe ulikuwa unaomba kwa maandishi, kwa lugha nzuri, mama yako akulilie ukiwa hai. Mama alisikia nyuma ya mlango na alielewa kwamba hujui unachoomba. Si kwamba kaniki ilikuwa haimuumi. Alikubali kulala kwenye maji kuliko kukuzika.

Ningekuandikia ukweli huo Novemba, ungekuja Desemba. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa na hasira nawe, nikasema moyoni kwamba mtu asikumbushwe nyumbani kwao kama mtoto wa darasa la tatu, na aje kwa sababu anataka kuja. Mimi nilikuwa nimelala kitandani kwangu nikiwa na hasira hiyo. Mama alikuwa chini.

Baada ya Pasaka homa ilimpanda, akawa hajui mchana na usiku. Daktari alisema atoke kwenye unyevu au tumwandalie sanda. Nikamwendea baba mdogo, nikamwambia Leo akalishwe. Akaniuliza, "Nani anasema?" Maana ni lazima aliyetoka tumbo moja na wewe aseme. Nikasema, "Mimi, Stefania." Akaniuliza mara ya pili, nikasema vilevile. Baba mdogo akajifunika uso kwa kofia. Kwa hiyo usibebe peke yako, kaka. Wewe uliomba bila kujua, mimi nilisema nikijua.

Tulimbeba mama mpaka uani. Alikuwa amepata fahamu siku hiyo, kwa bahati mbaya au nzuri, sijui. Wakaweka kigoda, wakaweka jembe la baba. Mama ndiye anayepaswa kukiweka kitu, akakiweka. Akakiacha kidole juu yake, akabonyeza, na taa ikawaka kidogo, nimeiona mimi na Teddy. Halafu wote tukangoja yowe. Hakuna anayeruhusiwa kulia kabla ya mama. Baba mdogo alingoja, shangazi Katarina alikuwa ameshaziba mdomo kwa khanga, akingoja. Mama alikitazama kigae, akasema kwa sauti ndogo lakini kila mtu alisikia, "Kiti nimekubali. Kilio sijakubali."

Akafumba mdomo. Wazee walinong'onezana muda mrefu, hakuna aliyewahi kuona mama aliyekatalia hapo. Mwishoni baba mdogo alisema kaniki ivuliwe kwa kuwa kiti kimekaliwa, lakini kwamba shughuli haijafungwa kwa kuwa kilio hakijatoka, na kwamba yeye akifa asiulizwe na waliotangulia, atakuwa hana jibu. Tukamvisha mama kitenge cha manjano, tukamlaza kitandani. Alilala siku mbili. Sasa anakunywa uji, anakaa mwenyewe, lakini ni mwepesi, nambeba kwa mkono mmoja.

Juzi nilimsomea barua yako yote, hata sehemu ya aibu, na nikamwambia ukweli kuhusu taa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wewe na kaka yako mlifikiri sijui? Ni kidole changu. Tangu lini Leo akawaka kwa nguvu nyingine?" Halafu akaomba kigae chake, akakumbuka kwamba kiko kwenye kigoda na haruhusiwi kukigusa tena. Akageukia ukutani.

Sasa sikiliza namna ya kuja. Usije kwa mlango wa mbele wala usibishe hodi. Mtu aliyekalishwa hapigi hodi. Pitia nyuma, upande wa jiko, usimame kwenye jalala la majivu, hata kama watoto watakukimbia. Mtume mtu amwite baba mdogo. Atakumwagia maji ya unga na kuuliza wewe ni nani, na utajibu jina lako la ubatizo na la baba. Halafu utakwenda mpaka kwenye kigoda ukitoe kigae kwa mkono wako mwenyewe, ukae. Kigae kiweke mkononi mwa mama. Usimweleze kinavyofanya kazi.

Wengine katika ukoo hawatakusalimu, watasema ni mzimu wenye tiketi ya ndege. Wavumilie. Mimi utaniona nimesimama karibu na mtungi, nami sijui kama nitaweza kukutazama.

Kila jioni baada ya rozari nakaa karibu na kitanda. Kuna wakati kifua chake kinapanda kana kwamba kinataka kutoa kitu, naye anakishika kwa viganja viwili na kukirudisha. Shangazi Katarina anasema ni kikohozi. Mimi najua ni nini. Kilio chako bado anacho, Leo. Njoo kabla hakijamshinda.

Mdogo wako,
Stefania